Fate Core mezani kwetu Sinza: uzoefu wangu wa kuwakutanisha wahusika wasioendana

Kwanza nikiri: mchezo wetu wa kwanza niliuharibu mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi jioni, nyumbani Sinza, meza ya plastiki uani, chupa ya chai na sahani ya kashata. Wote tulikuwa wageni wa hii michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo mmoja anasimulia dunia, wengine kila mtu anabeba mhusika wake, na pakitokea ubishi dadu inaamua. Msimuliaji nilikuwa mimi. Wiki nzima nilikuwa nawaandikia kwenye grupu: "Kila mtu aje na mhusika anayempenda."

Wakaja nao kweli. Jirani yangu, mhasibu, alikuja na ninja asiyeongea na mtu. Mkewe, shemeji yangu, alikuja na mganga wa Bagamoyo anayetumwa na jini. Rafiki yangu wa tangu sekondari alikuja na mpiga debe wa Mbagala Rangi Tatu. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kufuata maelekezo tangu azaliwe, alikuja na rubani wa chombo cha anga kutoka mwaka 2300.

Nikaanza kama nilivyoona wengine wanaanza. Mchezo uliozaa michezo hii yote, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka 1974, na toka zamani watu wake wana mazoea ya kuwakutanisha mashujaa kwenye kilabu cha pombe: wageni wamekaa, anaingia mtu ana kazi, wote wanaamka kumfuata. Kilabu nikakigeuza kibanda cha chipsi Magomeni. Usiku, mvua, umeme umekatika. Anaingia mzee ameshika ramani, analia.

"Ninja anamaliza chipsi zake, anaondoka," akasema mhasibu.

Nikamleta kibaka. Ninja hana simu ya kuibiwa. Nikaleta askari wa doria wawakamate wote kwa pamoja. Rubani akapaa na chombo chake. Saa mbili na nusu zikaenda hivyo, mimi najenga ukuta huku wao wanatafuta mlango. Mwisho mpiga debe akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hivi mimi na huyu wa angani tunafuatana kwa lipi? Hata nauli hajawahi kunilipa."

Sikuwa na jibu. Chai ilishapoa.

Kitabu ninachokisifu hapa nilikipata wiki mbili baada ya aibu hiyo. Kinaitwa Fate Core, ni kitabu cha kanuni za mchezo wa aina hii, kimetolewa na Evil Hat Productions ya Marekani mwaka 2013, baada ya wapenzi wa mchezo kukichangia zaidi ya dola 433,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha. Nakala ya PDF unaipata kwa kulipa unachotaka, hata sifuri. Mimi niliweka sifuri, nikasoma, nikaona haya, nikarudi kulipa. Nilichokipata mimi ni cha Kiingereza, na ni kinene. Vijana wa stesheneri niliyopeleka kuchapa walinirudishia karatasi zimechanganyika, sura ya mapigano imeangukia katikati ya sura ya ujuzi, kwa hiyo nilisoma jinsi ya kufa kabla ya jinsi ya kuzaliwa. Sura iliyoniokoa ndiyo hiyo ya kuzaliwa.

Kwenye Fate huji na mhusika mkononi. Wahusika wanatengenezwa mezani, wote kwa wakati mmoja, na sehemu ya kutengeneza ni kuandika hadithi tatu fupi. Ya kwanza unaandika tukio la mhusika wako, sentensi mbili tatu, kwenye kadi. Kisha kadi inahama. Anayeipokea anaandika mhusika wake aliingiaje kwenye tukio lako: alisaidia, aliharibu, au alifanya vyote viwili. Kadi inahama tena, wa tatu naye anaingia. Ikiisha zamu, hakuna mgeni mezani. Watu wameshaokoana, wameshakosana, wanadaiana.

Nilinunua manila moja nikaikata vipande. Tukakaa tena, watu walewale. Kabla ya wahusika, kitabu kinataka meza ikubaliane kwanza dunia yao ina matatizo gani, lililopo na linalokuja. Tukachagua Dar yetu hii. Lililopo: viwanja vya Kigamboni vinavyouzwa mara mbili. Linalokuja: kuna kitu kimeamka chini ya maji, pale pantoni inapokatiza. Hilo la pili shemeji alilisema kwa utulivu kiasi kwamba hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo wahusika wakaanza kubadilika wenyewe, sikumkataza mtu. Mhasibu alitaka mkimya wake abaki, ninja akawa mlinzi wa usiku wa ghala, rungu na redio ya betri. Mdogo wangu aligoma kuacha rubani, mpaka rafiki yetu akamkumbusha kwamba kabla ya ndege, rubani alikuwa ni yule anayeiongoza meli kuingia bandarini. Akanyamaza, akaandika "rubani wa bandari", akawa na furaha kuliko sisi wote.

Hii ndiyo kadi yake, bado ninayo. Mwandiko wake: "Usiku mmoja wa kusi niliingiza meli bandarini, taa zimezimwa kwa amri ya mtu nisiyemjua. Nikaona mtu anatembea juu ya maji." Ikahamia kushoto kwa mhasibu. Akaitazama muda mrefu, akaandika kwa herufi za kihasibu, ndogo, zimenyooka: "Mtu huyo ni mimi. Sikuwa natembea. Nilisimama juu ya kontena lililozama nusu. Alikata usukani asinigonge. Namdai hadithi, ananidai uhai." Ikahamia kwa shemeji: "Siku ya tatu waliniletea mlinzi, anatetemeka, nguo zimekauka lakini yeye bado anatoa maji. Nilimtibu, sikuchukua hela. Nilimwambia, siku nitakayokuita, uje."

Mhasibu aliposoma hiyo ya mkewe alimwangalia, akasema, "Bi mganga, hilo deni ni kubwa." Ndoa ya miaka minane, na nadhani hapo ndipo nilipouelewa mchezo huu.

Nikaja kugundua kwamba kadi hizi sisi tunazo siku zote, ila hatuziandiki. Wakae watu wawili wasiojuana kwenye daladala ya Ubungo, wakifika Mwenge wameshaulizana kwenu wapi, unamjua fulani, na mara nyingi fulani kapatikana. Akikosekana fulani, upo utani: Mzaramo na Mnyamwezi hawahitaji kadi, babu zao walishawaandikia tangu enzi za misafara. Kosa langu la pale kibandani lilikuwa kutafuta sababu ya kuwakutanisha watu, wakati mtu wa hapa hatafuti sababu, anatafuta ujamaa. Mzee na ramani yake ni nani hata nimfuate? Lakini aliyenitibu bure akiniita saa nane za usiku, naenda, huku nalalamika.

Kipimo kilikuwa Jumamosi iliyofuata. Safari hii niliandaa sentensi moja tu, nikamgeukia mpiga debe: "Umeenda kukiona kiwanja chako Kigamboni, umekuta familia nyingine inamwaga msingi." Kibanda cha chipsi sikukihitaji. Mpiga debe akampigia rubani, ambaye kwenye kadi moja alimsaidia kuhamisha mizigo bila kuuliza ya nani. Rubani akasema haendi Kigamboni usiku bila mlinzi. Mlinzi akasema, na hii ni nadra, "Mganga ameniita pia. Huko huko." Dakika tano hazikufika, wote wanne wako kwenye pantoni. Mimi niliinuka kuchemsha chai nyingine, na hawakugundua nimeondoka.

Kingine cha kujua ni kwamba kila hadithi inakuachia msemo mmoja wa mhusika. Jumla inakuwa mitano: wa yeye ni nani, wa tatizo lake, na mitatu ya kwenye kadi. Kitabu kinasisitiza msemo mzuri uwe na makali pande mbili, ukusaidie na ukuponze, na mifano yake ya Kiingereza ilitutoa jasho kuitafsiri. Shemeji ndiye aliyetufungua macho. "Mnahangaika nini, si kanga hizo?" Kweli bwana. Jina la kanga limefanywa hivyo hivyo: aliyelivaa anajua anamsema nani, na anayelisoma anaweza kulirudisha kwake. Mpiga debe akachukua "Mdomo uliponza kichwa". Mlinzi akachukua methali, "Kimya kingi kina mshindo mkuu". Mganga akajitwalia "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", na mpaka leo hajatuambia anamkusudia jini au mteja.

Misemo inaendeshwa na pointi, sisi tunatumia vizibo vya soda. Kila mmoja anaanza na vitatu. Ukitaka msemo wako ukubebe, unalipa kizibo, unaongeza 2 kwenye dadu au unarusha upya. Msimuliaji naye akitaka msemo huo ukuletee balaa, anakusogezea kizibo. Ukipokea, balaa ni lako, na ukikataa, unalipa wewe. Hapa ndipo mkimya wa mhasibu alipopata dawa. Kwenye michezo mingine mhusika wa pembeni asiyeongea ni mzigo kwa meza nzima. Hapa nilisukuma kizibo mbele yake nikasema, "Unaona lori linarudi nyuma, mpiga debe kaligeuzia mgongo. Lakini wewe ni mtu wa kimya." Alicheka, akakivuta kizibo taratibu. Mpiga debe alilazwa wiki mbili za kwenye mchezo na hadi leo anadai fidia, ndani ya mchezo na nje yake.

Dadu zake maalumu, zenye alama ya kujumlisha, ya kutoa na upande mtupu, sikuzipata hapa mjini na sikuzihitaji. Chukua nne za ludo: 1 na 2 ni kutoa moja, 3 na 4 sifuri, 5 na 6 kuongeza moja. Matokeo yanaanzia hasi 4 hadi 4, na mengi yanaangukia karibu na sifuri, kwa hiyo ujuzi wa mhusika, ambao namba yake inajumlishwa kwenye dadu, una uzito kuliko bahati. Kupata 4 kamili ni mara 1 kati ya 81. Imetutokea mara moja, mdogo wangu alikuwa anajaribu kufungua soda.

Sasa lawama. Kutengeneza wahusika kunakula jioni nzima; ukialika watu ukawaambia mnacheza leo, watakuchukia. Kadi ya tatu huandikwa watu wamechoka, na inaonekana: ya mpiga debe kwa mlinzi inasema "nilikuwepo pia", basi. Ile piramidi ya ujuzi kumi, mmoja wa 4, miwili ya 3, mitatu ya 2, minne ya 1, ni rahisi ikishaeleweka, ila kwa mtu wa mara ya kwanza inafanana na fomu ya mkopo. Lipo toleo dogo, Fate Accelerated, lenye mienendo sita badala ya ujuzi, na ningeanza nalo kama mna watoto mezani.

Na chunga idadi. Sisi tunazungusha kadi kushoto mara mbili. Wakiwa watatu, wanne au watano, kila mtu anagusana na kila mtu. Nilipoendesha meza ya pili, ya wenzake shemeji kazini, walikuwa sita, nikadhani ni sawasawa tu. Si sawasawa. Wakiwa sita, kila mmoja anabaki na mtu mmoja asiyemjua, yule anayemkabili upande wa pili wa meza. Sikuigundua hesabu hiyo mpaka kipindi cha tatu, nilipoona dada mmoja na kaka aliyekaa mbele yake wahusika wao hawajasemezana hata mara moja. Nikawapa kadi ya ziada wakaiandika palepale, wawili tu. Wakaandika kwamba waliwahi kuchumbiana, mahari ikarudishwa, imepungua mbuzi mmoja.

Kipindi chote kilichofuata kilikuwa cha kumtafuta huyo mbuzi. Nilikuwa nimeandaa jini.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya piramidi. Mwenye kutaka kuanza aje na dadu zake. Vizibo ninavyo ndoo nzima.