Fito au leza: kupima msitu wa ndege Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya

Ukitaka kujua ndege anapenda msitu wa aina gani, kuhesabu miti haitoshi jamani, lazma upime majani yamekaaje kuanzia chini mpaka juu. Kwa fito unachora alama kila nusu mita, unaisimamisha wima, unahesabu majani yanayoigusa kila alama, unasogea hatua kadhaa unarudia tena, bei rahisi ila mikono inauma na huko juu sana unabaki kukisia. Leza ya GEDI, chombo cha NASA cha kupima misitu kutoka angani, iliyorushwa 2018 ikafungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa, inakupa urefu wa miti na matabaka yake bure kwenye kompyuta, tatizo kila kipimo ni duara lenye upana wa mita 25 hivi.

Sasa mchukue pipiti wa Sokoke, ndege mdogo yule anatembea chini kwenye majani makavu akitafuta wadudu. Kwake yeye kina cha yale majani na vichaka vya magotini ndo kila kitu, na hapo leza haioni vizuri kabisa. Mi nachagua fito. Leza naitaka nikilinganisha msitu mzima, kilomita za mraba kama 420, maana kwa miguu hautamaliza.