Uzoefu wangu na chumba cha historia ya eneo kwenye maktaba ya umma: usiishie kwenye katalogi

Wakuu, nimekuwa nafanya utafiti wa bonde moja la mto, mafuriko yake na jinsi watu walivyokuwa wanahama hama kwa sababu ya maji, na sehemu kubwa ya nilichopata imetoka mahali ambapo watafiti wengi hata hawapakumbuki, yaani kile chumba cha historia ya eneo kwenye maktaba ya umma. Sio nyaraka za taifa, sio chuo kikuu, maktaba ya umma ya kawaida kabisa ambayo watu wanaenda kusoma gazeti na watoto wanafanya homuweki. Naandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuandika historia ya wilaya, mji, bonde, barabara, chochote chenye mipaka ya mahali, maana kiukweli kabla sijakaa kwenye hicho chumba utafiti wangu ulikuwa vipande vipande.

Faida yake kubwa ni mpangilio. Maktaba nyingi zinapanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo wa tangu 1876, ambao unapanga kwa mada, kwa hiyo mto wangu umetawanywa jengo zima: maji na mito yapo 551, mabwawa na tuta za kuzuia mafuriko 627, shule zipo 370 na kitu, historia yenyewe iko kule kwenye 900. Ukienda kwenye nyaraka za serikali nako wanapanga kwa ofisi iliyotengeneza faili, kwa hiyo idara ya maji kivyake, elimu kivyake, afya kivyake. Chumba cha historia ya eneo kinapanga kwa mahali. Unavuta droo moja yenye jina la kata na humo unakuta ripoti ya mhandisi, ratiba ya sherehe ya kufungua daraja, picha ya shule imezungukwa na maji, kijitabu cha jubilei ya kanisa, na vipande vya magazeti ambavyo mkutubi fulani miaka hiyo alikaa akakata kwa mkasi akaandika tarehe pembeni. Hakuna mtu angekuambia kijitabu cha kanisa kina habari za mafuriko, lakini kinazo, kwa sababu jengo la kwanza lilisombwa na wakaeleza kwa nini walijenga la pili kule mlimani.

Na hivi vitu vingi HAVIMO kwenye katalogi ya kompyuta. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu naona watu wanatafuta nyumbani kwa simu, hawaoni kitu, wanahitimisha hamna. Katalogi inaandika vitabu. Mafaili ya vipande, bahasha za picha, kanda za mahojiano na wazee, mara nyingi yanaandikwa kwa mstari mmoja tu au hayaandikwi kabisa. Sehemu nyingine wana makabati ya kadi, faharasa ya gazeti la eneo iliyoandikwa kwa mkono na haikuwahi kuingizwa kwenye mashine, na hiyo kadi ndogo inakuokolea wiki nzima ya kuzungusha maikrofilamu, yaani mikanda ya picha ndogo ndogo za kurasa za gazeti inayosomwa kwa mashine. Kwa hiyo muulize mkutubi kwa mdomo, na usimwambie "natafuta historia ya huku", mpe mahali na miaka, mwambie natafuta daraja fulani kati ya mwaka huu na huu, utaona uso unabadilika anaanza kukumbuka vitu.

Jina nalo ni mtihani. Mahali panabadilishiwa jina na nyaraka hazibadiliki nalo, anayetafuta Kinshasa kwenye karatasi za kabla ya 1966 atafute Léopoldville, Harare kabla ya 1982 ni Salisbury, Maputo kabla ya 1976 ni Lourenço Marques, na hiyo ni miji mikubwa ambayo kila mtu anajua, vijiji ndo balaa zaidi, kimoja kina tahajia nne. Mimi natengeneza orodha ya majina yote ya zamani na tahajia zake kabla sijakaa kitini. Mipaka pia, wilaya ikigawanywa takwimu za kabla na baada ya kugawanywa hazilinganishiki hivi hivi, lazima utafute ramani ya mwaka ule ujue walikuwa wanahesabu eneo gani. Ramani za zamani ndo ziko hapo hapo chumbani, basi unamaliza kazi kwenye meza moja.

Sasa magazeti. Karatasi ya magazeti tangu katikati ya karne ya 19 inatengenezwa kwa mbao iliyosagwa, ina asidi, inageuka njano na kukatika mkononi, ndo maana utapewa maikrofilamu badala ya gazeti lenyewe. Mashine ya kusomea inachosha macho na shingo, nawaambia ukweli. Ushauri wangu ni kwamba usisome ukurasa wa mbele tu. Habari ya mafuriko inakaa siku mbili tatu gazetini halafu inapotea, ila matangazo ya biashara yanaendelea kusema. Nilikuwa nafuatilia maduka ya upande wa chini wa mto na nikaanza kuona moja baada ya jingine yanatangaza "tumehamia", wakati ripoti za serikali za kipindi hicho bado zinaandika mji uko pale pale. Wafanyabiashara walihama kwanza, mpango wa serikali wa kuhamisha mji ulikuja baadaye, na hiyo imebadilisha kabisa hoja ya utafiti wangu. Baada ya hapo angalia zabuni za ujenzi na barua za wasomaji, watu wanalalamika kuhusu mfereji kwa miaka mingi kabla haujafurika.

Kama eneo lako lina vitabu vya anwani vya zamani, vile vya kuorodhesha nyumba na biashara mtaa kwa mtaa, chukua matoleo ya miaka inayofuatana uyalinganishe. Na wanaotafiti miji ya Marekani wana bahati ya ramani za Sanborn, zilizoanza 1867 kwa ajili ya bima ya moto, zinaonyesha jengo moja moja, la tofali limepakwa rangi ya waridi, la mbao njano, la mawe buluu. Ukiona mtaa mzima njano halafu toleo linalofuata umekuwa waridi unaanza kuuliza kilitokea nini hapo katikati.

Mtandaoni ipo misaada ya bure na mizuri, tovuti za magazeti ya zamani yaliyopigwa picha, Chronicling America ya Library of Congress kule Marekani, Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand. Tatizo kompyuta inasoma herufi za zamani vibaya, wino ukififia neno linageuka kitu kingine, kwa hiyo kutafuta neno "mafuriko" na kukosa sio ushahidi kwamba hayakutokea. Trove wanaruhusu wasomaji wasahihishe maandishi wenyewe, jambo zuri sana hilo, natamani lingeenea.

Mapungufu yapo na nayaandika kwa sababu napapenda hapo mahali. Chumba kinafunguliwa masaa machache kuliko maktaba yenyewe, mara nyingi kinahudumiwa na mtu mmoja tu, akiumwa kimefungwa, kwa hiyo piga simu kabla ya kusafiri. Picha nyingi hazina mwaka wala majina. Filamu za zamani za aseteti (aina ya plastiki) zinanuka siki zikiharibika, na ukisikia hiyo harufu ujue zinaoza, mwambie mkutubi hapo hapo asizichanganye na nyingine. Utakatazwa peni, beba penseli. Glovu za pamba wengi wanadhani ni lazima, ila kwa karatasi maktaba nyingi siku hizi wanataka mikono misafi na mikavu tu, glovu wanakupa ukishika picha. Na kuruhusiwa kupiga picha kwa simu sio kuruhusiwa kuchapisha, haki miliki ni mazungumzo mengine, yafanye mapema.

Kubwa zaidi ni kujiuliza karatasi hizi alizileta nani. Mkusanyiko unafuata aliyetoa. Ule wa Detroit Public Library kwa mfano ulianzia kwa wakili, Clarence Burton, aliyetoa maktaba yake mwaka 1914, na huku kwingine ni vivyo hivyo, wakili, mchungaji, mwenye duka, afisa mstaafu. Wapangaji, vibarua, wanawake waliokuwa wanauza kando ya mto, hao hawakuwa na kabati la kuachia maktaba. Kwenye droo zangu mafuriko yanaelezwa na watu waliokuwa na ghorofa ya pili. Ndo maana nawasisitiza muombe kanda za mahojiano hata kama maneno yake hayajaandikwa kwenye karatasi, kaa na hedfoni usikilize, huko ndo nimewapata walioishi chini kabisa karibu na maji.

Kama unachotafuta ni hati ya kiwanja au hukumu ya kesi, nenda masijala ya ardhi au mahakamani moja kwa moja, chumba hiki hakitakusaidia sana. Ila kama unataka kujua mahali paliishije, anzia hapa, nyaraka za taifa ziwe za pili, utaenda ukiwa tayari unajua utaomba faili gani. Nyota tano nawapa kwa mkusanyiko na kwa wakutubi, tatu kwa masaa.

Mimi bado nina kazi, gazeti linasema daraja lilianguka usiku wa mafuriko, wazee wawili kwenye kanda tofauti wanasema lilibomolewa kwa makusudi asubuhi yake ili maji yapate njia, na ripoti ya mhandisi ya mwaka huo haimo kwenye droo. Kama kuna aliyewahi kukutana na mgongano wa namna hii kwenye utafiti wake aniambie alianzia wapi kuutatua.