Kila kitu kijani, na kasoro imo ndani

Nyota moja. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Hivi karibuni tulikuwa tunachagua programu ya uthibitishaji wa kimantiki kwa ajili ya chipu yetu, yaani ile inayothibitisha kwa hesabu kwamba mchoro wa chipu hautakiuka madai uliyoyaandika. Soko lenyewe lina wenyewe wachache: Cadence iliinunua Jasper mwaka 2014, Siemens ikaichukua Mentor mwaka 2017 na OneSpin mwaka 2021, Synopsys nayo ina yake. Wachache hivyo, basi wanagombania wateja kama nini sijui. Kampuni iliyoniudhi siitaji, maana mkataba wa leseni unakataza kutangaza matokeo ya kulinganisha programu. Yaani unalipia chombo, halafu huruhusiwi kusema kimekimbiaje!

Tulipanga shindano la wawili. Wote walipewa kipande kilekile: foleni ya data na msuluhishi anayegawa zamu za kuandika. Dai kubwa tulilotaka lithibitishwe ni rahisi kulieleza: ombi likija foleni ikiwa imejaa, lisubirishwe, data ya zamani isiguswe.

Injinia wa kampuni iliyoniudhi alikuja asubuhi, akakaa kwenye seva yetu, na kabla ya mchana skrini nzima ilikuwa ya kijani. Imethibitishwa, imethibitishwa, imethibitishwa, juu mpaka chini. Wapinzani wao bado walikuwa wanahangaika, madai kadhaa yameandikwa "haijaamuliwa", maana programu yao ilikuwa imefika kina fulani cha mizunguko ya kloki, yaani mapigo yanayoiendesha chipu hatua kwa hatua, ikakwama. Bosi alishaanza kutabasamu.

Mimi nikafungua faili lao la masharti, linaloiambia programu ni maingizo gani yanaweza kuja. Kwa asiyeijua kazi hii: simulesheni hujaribu yale uliyokumbuka kuyajaribu, lakini programu ya namna hii hupitia kila ingizo ambalo masharti yameliruhusu. Nguvu yake ipo hapo, na mwanya wa kudanganyia upo hapohapo. Katikati ya faili, bila maelezo yoyote, kuna mstari mmoja: ombi haliji foleni ikiwa imejaa.

Sasa jamani! Dai linauliza itakuwaje mtu akibisha hodi foleni imejaa, sharti linasema hakuna atakayebisha. Hapo umethibitisha nini? Ni kumsifu golikipa kwa kutofungwa siku ambayo timu pinzani haikufika uwanjani. Tena programu hiyohiyo ina ukaguzi wa kukuonya kwamba hali inayozungumzwa na dai haitokei kamwe. Walikuwa wameuzima. Hauzimiki wenyewe, kuna mtu alikaa akaandika amri ya kuuzima.

Nikamuuliza kwa upole kabisa. Alinijibu bila hata kugeuza shingo: "Dada, hayo ni masharti ya kawaida. Ukishazoea uthibitishaji utaelewa."

Ukishazoea! Mimi ninayeandika madai haya kila siku ya kazi, naambiwa na mgeni wa asubuhi kwamba nitazoea. Na watu wa mezani pale wakatikisa vichwa, kwa sababu yeye ana skrini ya kijani na mimi nina maswali.

Halafu hili si jambo la kuchekea. Mwaka 1994 chipu ya kompyuta ya Intel iitwayo Pentium iligundulika inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya, chanzo kikiwa nafasi chache tu zilizokosekana kwenye jedwali la ndani, na Intel ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya balaa hilo. Sakiti ikishachorwa kwenye silikoni huitumii sasisho ukalala.

Basi alipoondoka nikaufuta ule mstari, nikawasha ukaguzi, nikairusha kazi upya. Na hapa ndipo nyota yangu moja inaanza kunisumbua. Haikuchukua muda, likatoka jekundu, na mfano wa kulipinga dai wenye mamia ya mizunguko. Foleni imejaa, msomaji anaanza kusoma kisha anasimamishwa mzunguko huohuo. Msuluhishi anadhani nafasi imepatikana, anampa ruhusa mwombaji aliyekuwa anasubiri, na data mpya inaikalia ya zamani ambayo haijasomwa bado. Nilifuata mawimbi ya ishara za sakiti kwenye skrini kidole kwa kidole. Kasoro ya kweli kabisa, ambayo simulesheni zetu hazikuwahi kuigusa, na ambayo wapinzani wao hawakukifikia kina chake.

Kwa hiyo chombo ni kizuri. Ni kizuri sana, tena kuliko cha mwenzake, nalazimika kusema. Ushindi wao halali walikuwa nao mkononi, wakaufunika kwa ushindi wa kughushi! Ningekuwa natathmini injini peke yake ningetoa tano bila kufikiri.

Nilikuwa nimeshafika kwenye nne. Kisha likaja jibu la meneja wao wa mauzo: eti walitaka tu "tupate matokeo safi". Safi kwa nani? Tatu. Hapana, mbili na nusu.

Leseni tumechukua, ni ya kwao. Mkiwaita kwenu kwa shindano, masharti andikeni wenyewe, na wagusaji wa amri za ukaguzi muwakalie karibu. Yule injinia amepangiwa kuja kutufundisha. Nimeomba anifundishe ule mstari kwanza, mbele ya watu.