Moduli ya kielektroniki badala ya pointi kwenye Datsun 240Z: uzoefu wangu barabara ya Mombasa

Kama una Datsun 240Z na unafikiria kung'oa pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) kwenye distributa (kigawa cheche kwa plagi) uweke moduli ya kielektroniki, weka. Gari litawaka upesi asubuhi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itatulia, na fila geji (kipimo cha nafasi ya pointi) utaisahau. Ila usiinunue kwa kudhani itatibu ule ukaidi wa 240Z unaojulikana: umetoka Nairobi vizuri, umesimama Mtito Andei unywe chai, ukirudi stata inazunguka tu na injini haishiki. Mara nyingi shida hiyo iko kwenye mafuta, na moduli haihusiki nayo hata kidogo. Naipa nyota nne kati ya tano.

Pointi kwenye injini hii ya L24 zinatakiwa ziwe na nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55. Kile kisigino cha pointi kinachopanda kemu (mhimili wenye nundu) ya distributa kinalika polepole, nafasi inabana, na kadiri inavyobana ndivyo cheche inavyochelewa. Nyuso za pointi nazo zinaungua, hasa kondensa (kifaa kidogo kinachozinyonyea pointi cheche) ikichoka. Hakuna kinachoharibika ghafla. Gari linaanza kutaka stata ndefu kidogo, kisha ndefu zaidi, na siku betri imeshuka halishiki kabisa. Moduli haina cha kulika: pete yenye sumaku inavaa chini ya rota (kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa), kihisi kinakaa palipokuwa na pointi, basi.

Kuifunga ni kazi ya saa moja bila haraka. Toa waya wa betri, fungua kofia ya distributa, chomoa rota, ondoa pointi na kondensa. Pete ya sumaku isukume mpaka ikae chini kabisa, maana ikibaki juu rota haitashuka vizuri na itasugua kofia. Waya mweusi wa moduli unakwenda hasi ya koili (inayokuza umeme wa cheche). Mwekundu ndio unaowakosesha mafundi wengi. 240Z ina rezista inayopunguza volti kabla ya koili. Ukiuunga mwekundu kwenye chanya ya koili, moduli inapata volti zilizokwishapunguzwa, unaona gari linawaka vizuri gereji halafu linasumbua njiani. Uunge upande wa pili wa rezista, ule unaotoka kwenye swichi, ili upate volti 12 kamili. Rezista yenyewe iache mahali pake. Koili ya asili ina kama ohm 1.5, rezista kama 1.6, jumla ni 3 na kitu, na hicho ndicho kiwango ambacho moduli nyingi za silinda 6 zinataka. Anayekwambia utoe rezista ili cheche iwe kali, bila kubadili koili, atakuunguzia koili na moduli pamoja.

Ukimaliza, pima upya muda wa cheche kwa taa ya strobu (inayomweka kwa kila cheche). Kihisi hakikati umeme pale pale pointi zilipokuwa zinaukatia, kwa hiyo alama ya zamani haifai. Ukichanganya nyaya za plagi, mpangilio ni 1-5-3-6-2-4 na rota inazunguka kinyume cha saa.

Jambo moja ambalo karatasi ya maelekezo haisemi: kwenye 240Z za mwanzo, umeme wa koili unapitia kwanza kwenye mita ya mizunguko ya injini pale kwenye dashibodi. Kiungo cha nyuma ya mita kikilegea kwa mitikisiko, gari linazima kama limekatwa kwa kisu na hupati cheche yoyote, na fundi atabadilisha koili, kofia na moduli bila kuona kitu. Sindano ya mita ikirukaruka kabla gari halijazima, anzia hapo.

Sasa nyota iliyopungua. Moduli haistahimili ufunguo kuachwa umewashwa injini ikiwa imezima. Umekaa unasikiliza redio kwa ufunguo wa injini, koili inapata moto bure, moduli inaungua. Na ikianza kufa haifi kwa uungwana: inagoma ikiwa na joto, ikipoa nusu saa inarudi kama kawaida. Dalili hizo ni zile zile za mafuta kuchemka kwenye kabureta, ndiyo maana watu hupoteza siku nzima kando ya barabara wakibishana. Moja niliyonunua iligoma hivyo hivyo kwenye joto la Voi, na muuzaji akasema tatizo ni kabureta. Tangu hapo pointi mpya na kondensa vinakaa kwenye boksi la dashibodi, pamoja na fila geji na bisibisi fupi.

Njia ya kutofautisha ni moja. Beba plagi moja ya ziada. Gari likikataa, chomoa waya wa plagi yoyote, uvike hiyo ya ziada, ilaze chuma chake kiguse injini mbali na kabureta na bomba lolote la mafuta, mwenzako apige stata. Plagi za gari hili ziko upande wa kulia wa injini na kabureta upande wa kushoto, kwa hiyo nafasi unayo. Cheche ya buluu yenye mlio, moduli iko sawa, nenda kwenye mafuta. Cheche ya njano dhaifu, pima volti kwenye betri stata ikizunguka: ikishuka chini ya 9.6, betri au nyaya zake ndizo zinazokuangusha. Hakuna cheche kabisa, washa ufunguo upime chanya ya koili. Pasipokuwa na volti, tafuta nyuma: rezista, mita ya mizunguko, swichi. Zikiwepo, toa moduli urudishe pointi uendelee na safari.

Rezista nayo ina dalili yake isiyodanganya. Injini ikishika ukiwa bado umekamata ufunguo wa stata, halafu ikazima papo hapo ukiuachia, rezista imekatika. Wakati wa stata koili inalishwa kwa njia nyingine inayoiruka rezista, ukiachia inabaki na njia iliyokatika. Kinyume chake, ikishika pale tu unapoachia ufunguo, ile njia ya kuruka ndiyo haifanyi kazi, au betri imechoka.

Stata isipozunguka kabisa na unasikia tk moja, usikimbilie kununua stata. Weka mita ya volti kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa injini, mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari) umeoza ndani au umekaa kwenye rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, jaribu tena. Magari ya umri huu ndivyo yalivyo. Stata nyingine zinazobadilishwa zilikuwa nzima.

Tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo wenye 240Z wanapoteza muda. Kabureta zake mbili zimekaa juu ya manifoldi ya moshi, upande ule ule. Gari likitembea, upepo unapita. Ukizima, joto la chuma linapanda juu dakika kumi au ishirini, mafuta kwenye bakuli za kabureta yanachemka na kumwagika ndani ya injini, na mengine kwenye bomba yanakuwa mvuke. Fungua boneti utege sikio: kabureta zinatokota kama birika. Kwa hiyo unaweza kuwa na shida mbili kwa pamoja, injini iliyonyweshwa mafuta kupita kiasi na bomba lisilo na mafuta.

Cha kufanya: usiguse choki. Usipampu pedali, kabureta hizi hazina pampu ya kuongeza mafuta, unajichosha mguu. Kanyaga pedali kati ya nusu na mwisho, shikilia hapo hapo, piga stata sekunde kumi, pumzika nusu dakika, rudia. Ikishika itatoa moshi mweusi kidogo, shikilia mpaka itulie. Isiposhika, lowesha kitambaa uvifunike pampu ya mafuta na bomba linalopita mbele ya kabureta, usimwagie maji manifoldi ya moto. Robo saa na boneti wazi inatosha.

Kabla ya hapo ingiza mkono chini ya kila kabureta uguse jeti (kijitundu kinachopitisha mafuta). Choki ya gari hili inavuta jeti chini, na kamba ikizeeka jeti moja inabaki imeshuka hata ukirudisha mkono wa choki. Inasukumwa juu kwa kidole, unasikia inapanda. Kabureta moja ikiwa hivyo, gari litawaka vizuri likiwa baridi na kugoma likiwa moto, na hakuna moduli duniani itakayokusaidia.

Dawa ya kudumu ni bati la kukinga joto chini ya kabureta, kitambaa cha kuzuia joto kwenye bomba la mafuta, na pampu ya umeme karibu na tangi inayosukuma mafuta kutoka nyuma, shinikizo lisizidi psi 4, la sivyo sindano za bakuli zitashindwa kufunga. Unganisha pampu hiyo na swichi inayoikata injini ikizima. Pesa ulizotenga kwa moduli ya bei ya juu, mimi ningezigawa: moduli ya kawaida, zinazobaki ziende huku.

Kwa wanaoshuka Pwani kuna la ziada. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mafundi wa huko hupandisha nati za mchanganyiko (zilizo chini ya kabureta, zinazopanga kiasi cha mafuta) ili gari lisinywe mafuta mengi. Kipimo cha kuanzia ni kushusha mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Ukifika Mombasa na nati za Nairobi, mchanganyiko ni mkavu, yaani mafuta ni machache kuliko hewa inavyotaka: asubuhi gari linataka choki ndefu, na ukikanyaga linapiga chafya kwenye kabureta. Watu husema moduli imeanza kuharibika. Shusha nati robo mzunguko, zote mbili sawasawa, ujaribu. Weka alama ya rangi kwenye nati kabla hujazigusa, ili ukirudi Nairobi uzirudishe pale pale. Oili ya juu ya kabureta iangalie siku hiyo hiyo, SAE 20 inatosha; ikiisha, pistoni ya kabureta inapanda haraka mno na chafya inarudi hata mchanganyiko ukiwa sahihi.