Betri kavu ya NS60 kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Betri hii ya kavu, yaani iliyofungwa isiyoongezwa maji, iko kwenye gari langu la Premio tangu mwaka juzi, na mpaka leo nikiwasha asubuhi starta inazunguka kwa nguvu. Nimeridhika nayo sana. Ila sifa siipi chapa peke yake, kwa sababu kazi kubwa ilifanyika dukani Gerezani kabla sijatoa hela.

Muuzaji aliifuta vumbi, akanionyesha tarehe ya kutengenezwa, kisha akaweka mita: volti 12.7. Hapo ndipo nilipomwamini. Betri ikikaa shelfu muda mrefu hujishusha chaji yenyewe, na sahani za ndani hushikwa na salfeti ngumu, ukoko unaozuia betri kushika chaji. Mpya ikisoma chini ya 12.4, shukuru uende duka la pili, hata kama umepunguziwa bei. Alipomaliza kufunga akaniambia, "Kaka, washa gari, washa na taa kubwa na AC." Akapima tena: 14.1. Oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ni nzima. Ingekuwa mbovu, hata betri ya bei ghali ingekufa mapema na lawama zingeangukia betri.

Saizi yangu ni 46B24L, ndiyo hiyo madukani tunaita NS60. Ile L ya mwisho usiipuuze, inaonyesha vichwa vya kufungia waya vimekaa upande gani. Ukibeba ya R, waya zinaweza zisifike.

Kinachoua betri mji huu ni joto. Kwenye foleni ya Ubungo au Tazara chini ya boneti kunachemka, injini inazunguka taratibu tu gari likiwa limesimama, oltaneta inazalisha kidogo huku AC, feni na taa vinakula. Joto linapunguza maji ya betri na kuzila sahani. Betri ya maji bei yake ni nafuu na inafaa kabisa kwa mtu anayefungua vifuniko mara kwa mara kuangalia kiwango na kuongeza maji ya betri (ya bomba hapana, asidi hapana). Mimi nashinda kazini, nikachukua kavu.

Kavu nayo inataka matunzo. Ule unga mweupe ukiota kwenye vichwa nausugua kwa mswaki na maji ya moto, nakausha, napaka mafuta ya mgando. Kibano kinachoshikilia betri nakikaza, maana barabara za vumbi za huku Goba zinatikisa sahani mpaka zinaachia.

Kisichonipendeza ni lile jicho la kijani la juu, la kuonyesha hali ya chaji. Linasoma chumba kimoja tu kati ya sita, kwa hiyo likiwa kijani bado napima kwa mita.

Nikisafiri wiki kadhaa nachomoa waya wa hasi, kwani alamu inanyonya hata gari likiwa limezimwa. Nikirudi narekebisha saa ya dashibodi, nawasha, naondoka.