Chumba cha chanjo cha watumishi: nimemaliza dozi ya tatu, nawapa nyota nne

Nina miaka kumi na moja kwenye uuguzi hapa Dar es Salaam, na mpaka Januari mwaka huu kadi yangu ya homa ya ini B ilikuwa na dozi moja tu. Chekeni. Watoto wa watu nimewachoma sijui wangapi, mwenyewe nilikuwa na dozi ya mwaka 2017, niliyoipata baada ya kujichoma sindano usiku nikitoa kanula, kile kimrija cha mshipani. Dawa za kinga ya VVU nililetewa usiku uleule, wodi nzima ikinihangaikia. Habari ya ini niliiuliza mwenyewe siku ya tatu. Na hesabu ni hizi: sindano yenye damu ya mwenye VVU, hatari ni kama watu 3 katika 1,000. Yenye homa ya ini B, na wewe huna chanjo, ni kati ya 6 na 30 katika 100.

Chumba chenyewe kipo jengo la nyuma, ukipita kufulia. Hospitali siitaji, wa pale mmeshaijua. Mlango wa bluu, benchi moja, feni inayolia.

Nilikwenda nimejiandaa kusemwa. Mama aliyekuwepo, mtu wa makamo, aliitikia shikamoo yangu, akaichukua kadi, akaitazama, akasema, "Hatuanzi upya, mwanangu. Mwili haujasahau. Zimebaki mbili." Basi. Miaka yote hiyo nilikuwa naikwepa kwa kudhani nitarudishwa mwanzo.

Sisi watu wa afya tuna jicho baya kwenye kazi za wenzetu, kwa hiyo nilikagua. Friji ina kipimajoto, na karatasi ya kuandika joto imejazwa asubuhi na jioni, hakuna siku iliyorukwa. Ilikuwa digrii 5. Alinionyesha kichupa na kile kimraba chake kinachogeuka rangi chanjo ikipigwa na joto, bado cheupe, kabla hajavuta dawa. Akachoma begani, siyo kalio, maana kwenye kalio chanjo hii haishiki vizuri, ingawa nimeona watu wanachomwa huko kwa kuona aibu kuvua gauni. Nikakaa dakika kumi na tano kwenye benchi. Maumivu? Mkono ulikuwa mzito siku moja, nikafanya zamu kama kawaida.

Hapo benchini ndipo nilipojifunza mengi. Dada mmoja wa maabara alikuwa amemsindikiza mwenzake tu, yeye hataki. "Hiyo ya tatu si nyongeza?" akasema. Na mimi naona neno hilo ndilo linalotuponza. Nyongeza ni kile anachokutupia muuza dagaa ukishalipa, akikunyima hugombi. Nani apange foleni ya nyongeza? Lakini dozi ya tatu ya ini ni ya kumalizia chanjo yenyewe, ni kama mguu wa tatu wa kigoda. Mbona wajawazito tunawapa pepopunda mpaka dozi ya tano, na hawalalamiki? Wanaona kadi ina visanduku vitano, wanavijaza.

Dada wa maabara simlaumu sana. Agosti 2021, wiki chache baada ya Rais Samia kuchanjwa pale Ikulu, sisi tulichoma Janssen, chanjo ya UVIKO-19, tukiambiwa ni sindano moja, umemaliza. Baadaye ikaja habari ya kuongeza. Sababu zilikuwepo, kinga inashuka na kirusi kinabadilika, ila mtu aliyekwisha kusikia "umemaliza" ukimwambia "rudi" anakuona tapeli. Mama wa chanjo alimjibu hivyohivyo, bila kumtisha, akamwachia kadi tupu. Kwa hilo peke yake anastahili sifa.

Wanafunzi wa udaktari wana lao. Wao wanasema walichanjwa utotoni, na wengi ni kweli, maana chanjo ya ini iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Ila kadi ya kliniki imeliwa na panya kijijini, na hakuna aliyepima kinga. Halafu mtumishi anachomwa bure wakati mwanafunzi analipa 15,000 kwa kila dozi, na ndiye anayetumwa kutoa damu saa tisa usiku. Hapo mmekosea.

Kosa la pili ni saa. Wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, wanafunga saa nane. Aliyetoka zamu ya usiku anaachia wodi saa moja na nusu. Akae masaa mawili akisinzia kufulia? Nimeona watatu wakiondoka, na kesho yake kwenye orodha wakaandikwa "wamekataa". Hawakukataa, walikwenda kulala.

Kipimo cha kinga pia hawana. Nilikifanya nje, wiki sita baada ya dozi ya tatu, kwa hela yangu. Kiwango cha kinga kinachotakiwa kwenye damu ni kuanzia 10 (mIU/mL). Yangu imetoka 146, na karatasi nimeibandika kwenye kabati la wodi.

Daktari mtarajali wetu mmoja ameisoma mara mbili bila kusema kitu. Jana kaniuliza huo mlango wa bluu uko upande gani. Alhamisi anaingia mchana, nitampitisha saa nne.