Kombe la Nevers lenye Europa na fahali: tathmini yangu

Kombe hili, yaani sahani kubwa ya udongo uliochomwa, lina upana wa sentimita 41. Nimelinunua kwa yuro 190 katika duka la vitu vya kale mjini Nevers, Ufaransa. Katikati yake Europa, binti mfalme, amepanda fahali mweupe, shela linapepea nyuma yake, na wenzake wamebaki ufukweni wakiinua mikono. Fahali huyo ni Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, aliyejigeuza, anamvusha bahari kumpeleka kisiwa cha Krete.

Si la karne ya 17, na muuzaji hakudai hivyo. Mgongoni lina fundo dogo la kijani, alama ya ukoo wa Montagnon, walioshika karakana kongwe ya mji huo mwaka 1875 wakairudia michoro ya wazee. Wazee wenyewe ni akina Conrade, ndugu waliotoka Albisola, Italia, ambao mwaka 1603 walipewa na mfalme wa Ufaransa haki ya kutengeneza fayansi, vyombo vya udongo vyenye rojo nyeupe ya bati, peke yao kwa miaka 30. Ndiyo maana miungu ya Kigiriki na Kirumi ilijaa kwenye vyombo vya Nevers: mafundi walikuja nayo kutoka kwao.

Kilichonifanya nitoe pesa ni bahari. Mchoraji hakupaka buluu tupu; amechora mawimbi kwa mistari ya kujipinda, mmoja juu ya mwingine, samaki wakichungulia kati yake. Hii ndiyo bahari ya Nevers hasa. Mistari ya miili ni ya zambarau ya manganizi, na nyekundu hamna kabisa. Mafundi wa pale iliwashinda, kwa hiyo nguo ya Europa ni ya manjano iliyokolea kama embe dodo. Mimi naipenda zaidi hivyo.

Tena mjue kazi yenyewe ilivyo ngumu. Udongo huchomwa kwanza, ukachovywa katika uji mweupe wenye bati, ukikauka unakuwa ungaunga. Juu ya unga huo ndipo mtu anachora, na rangi hunyweka papo hapo, ukikosea hufuti. Kisha chombo kinarudi tanuri. Tazama jicho la Europa: mapigo machache ya brashi, na hofu yake unaiona. Mwenzake wa kushoto ana mkono mbovu, vidole vimevimba, nadhani aliachiwa mwanafunzi.

Sasa kasoro. Niliambiwa halijawahi kukarabatiwa. Nyumbani nikalimulika gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), na ukingoni kipande cha urefu wa kidole kikang'aa tofauti na sehemu nyingine: pamezibwa, pakapakwa rangi juu. Nilimpigia muuzaji, akanirudishia yuro 40 bila ubishi, lakini ilimpasa aseme mwenyewe. Ukienda dukani, beba tochi hiyo. Ligonge kombe taratibu kwa kifundo cha kidole pia. Lenye ufa halitoi mlio wa kengele. Na uligeuze: mgongo husema mengi kuliko kadi ya bei.

Msilipakulie pilau. Rojo zile za zamani zinazong'arisha vyombo zina risasi, madini yenye sumu. Mimi nimeliweka rafuni, limeegemea ukuta, kama vyombo vya kwetu Lamu vinavyokaa kwenye zidaka. Vile vibanio vya waya vya kutundikia nilivikataa, maana vinauma ukingo hadi unabanduka.

Kwa bei niliyoishia kulipa, nimeridhika sana. Anayetaka la akina Conrade lenyewe atahitaji pesa nyingi mno na jicho lililozoea, kwa hiyo apite kwanza Musée de la Faïence, jumba la makumbusho la fayansi pale pale Nevers, ndani ya iliyokuwa abasia (makao ya watawa) ya Notre-Dame, akae na yale ya karne ya 17 asubuhi nzima. Duka liwe la mchana.